Fungate na Nyumba ya Mawe: Historia ya Utulivu wa Wawili Kisiwani Lamu

Kisiwa cha Lamu, kilichoko katika funguvisiwa la kaskazini mwa pwani ya Kenya pamoja na Manda, Pate na Kiwayu, kimejipatia sifa miongoni mwa wasafiri kuwa mahali pa mume na mke kupumzika bila haraka, mahali ambapo mizigo hubebwa na punda, njia ni nyembamba kiasi cha kutopitisha gari, na siku humalizika kwa jahazi kutwekwa tanga jua linapoelekea kuchwa. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini wanaoieneza wamezoea kuusimulia utulivu wa Lamu kana kwamba ni zawadi ya maumbile, kama mchanga wa ufuko wa Shela au maji ya mkondo wa Manda, ilhali historia yaonyesha kwamba utulivu huo ulitengenezwa na watu, na kwamba una vyanzo viwili ambavyo havikuwa na uhusiano wowote mpaka vilipokutana katika karne ya 20. Chanzo cha kwanza ni desturi ya fungate, yaani siku saba baada ya harusi ambazo bwana arusi na bibi arusi walitengwa ndani ya nyumba, wakilishwa, wakifukizwa na kuhudumiwa na wengine. Chanzo cha pili ni kuporomoka kwa biashara ya mji, kulikowaacha wenyeji bila fedha za kubomoa nyumba za mababu zao na kujenga za namna mpya.

Utajiri uliojenga nyumba hizo ulitoka baharini. Katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 Lamu ilikuwa bandari yenye nguvu katika biashara ya Bahari ya Hindi, ambako pembe za ndovu, boriti za mikoko, magamba ya kasa, ngozi na nafaka kutoka mashamba ya bara zilipakiwa kwenda Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, na majahazi yakarudi na vitambaa, tende na vyombo vya kauri. Vyombo vilikuja na kaskazi, upepo unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, vikaondoka na kusi, na katikati ya pepo hizo mbili mfanyabiashara mgeni alikaa mjini, akauza kidogo kidogo, akatengeneza chombo chake, na mara nyingine akaoa. Mwendo wa taratibu, ambao leo hutajwa kama tabia ya watu wa Lamu, kwanza ulikuwa sharti la upepo, kwa sababu aliyekuwa na haraka hakuwa na njia ya kuondoka.

Nyumba za matajiri wa mji, waliojiita waungwana, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na sakafu za juu zikabebwa na boriti za mikoko zilizokatwa katika mikono ya bahari iliyo jirani. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, kwa kuwa mti wa mkoko unaofaa kubeba dari ya mawe na chokaa hauwezi kuvuka nafasi inayozidi sana mita mbili na nusu, na ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine badala ya kuzungukana. Mtu aliyetoka njiani alifika kwanza kwenye daka, baraza iliyofunikwa yenye viti vya mawe pande zote mbili, ambako mwenye nyumba alipokea wageni wasiohusika na mambo ya ndani. Akapita tekani, ukumbi mdogo uliopinda makusudi ili jicho la mpita njia lisifike uani. Kisha akatokea kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, ambao ndio uliokuwa mapafu ya nyumba nzima. Kutoka kiwanda vyumba vilifuatana: msana wa tini, kisha msana wa yuu ulioinuka kwa kidato kimoja, kisha ndani, na kila hatua mwanga ulipungua na sauti za njia zikafifia. Mgeni wa kulala, hasa mfanyabiashara aliyesubiri upepo, aliwekwa sabule, chumba chenye njia yake mwenyewe, ili aishi na watu bila kuingia katika maisha yao.

Chumba kilichoitwa ndani ndicho kiini cha habari hii. Ukuta wake wa nyuma ulipambwa kwa zidaka, yaani safu za vishubaka vilivyochongwa katika lipu ya chokaa, vikiwa vimezungushiwa nakshi ya majani, kamba na maumbo ya kijiometri, ambamo ziliwekwa sahani na bakuli za kauri za China, vitabu na chupa za marashi. Fundi aliikata nakshi hiyo kwa kisu kabla chokaa haijakauka, na anayeutazama ukuta huo kwa karibu ataona kwamba mistari yake haiko sawa kabisa, mmoja umezama zaidi ya mwenzake na pembe moja imekwenda upande, jambo linalouzuia ukuta kuwa baridi kama kitu kilichopigwa chapa. Kwa kuwa ndani haikuwa na dirisha la njiani, mwanga uliofika kwenye zidaka ulikuwa ule uliovuka kiwanda na misana miwili, mwanga wa pembeni, ambao hutia kivuli katika kila shimo na kukifanya chumba kionekane kirefu kuliko kilivyo. Mtafiti Usam Ghaidan, ambaye miaka ya 1970 aliupima na kuuchora mji wa Lamu nyumba kwa nyumba, na wanaakiolojia waliomfuata, wameonyesha jinsi mpangilio huu ulivyofuata daraja za heshima na sitara, neno ambalo kwa watu wa pwani hukusanya maana za kujifunika, kulindwa na kutofedheheshwa. Heshima ya nyumba haikuwa barazani ambako kila mtu aliiona. Ilikuwa nyuma kabisa, mahali ambapo wachache waliruhusiwa kufika.

Humo ndimo harusi ilipokamilishwa. Desturi ya waungwana wa Lamu ilikuwa baba kumpa binti yake nyumba, au walau ghorofa, kwa ajili ya ndoa yake, na bwana arusi ndiye aliyehamia kwa mkewe. Baba asiyekuwa na kiwanja kingine alijenga juu ya nyumba yake mwenyewe, au akajenga wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya njia na kuziunganisha nyumba mbili zinazotazamana, ili mama na binti waonane bila kushuka njiani. Mawikio yanayopigwa picha na wageni katika mtaa wa Mkomani, wakivutiwa na kivuli na upinde wa chini yake, ni hati za ndoa zilizoandikwa kwa mawe, na kila moja linasema kwamba hapo palikuwa na binti ambaye wazazi wake hawakutaka aende mbali.

Fungate ilianza baada ya bwana arusi kuingizwa nyumbani, na katika siku zake saba wawili hao hawakutarajiwa kufanya kazi yoyote. Aliyesimamia mambo yote alikuwa somo, ambaye sehemu nyingine za pwani huitwa kungwi, mwanamke mzima aliyemfunda bibi arusi kabla ya harusi na sasa akawa daraja kati ya chumba cha ndani na ulimwengu wa nje. Somo ndiye aliyepokea kipa mkono, zawadi aliyotoa bwana arusi ili akubaliwe kuushika mkono wa mkewe. Ndiye aliyefukiza udi, akatandika kitanda na kukimwagia asmini. Ndiye aliyejua lini chakula kiingie na lini mlango usibishwe. Chakula kilitoka kwa mama wa bibi arusi na kwa jamaa na majirani, na kilikuwa cha kutia nguvu: supu ya kuku au ya mbuzi, mayai, maziwa, asali, mikate ya namna kwa namna. Bibi arusi aliogeshwa, akasingwa kwa liwa, ambayo ni mti wa harufu uliosagwa na kuchanganywa na marashi, akapakwa hina upya rangi ilipoanza kufifia, na kifuani akabandikwa kikuba, kifundo kidogo cha asmini na mrehani. Watu hawa wawili, ambao mara nyingi hawakuwa wamepata kuzungumza kabla ya siku hiyo, walipewa wiki nzima ya kuzoeana, huku ukoo wote ukikubali kwamba kuzoeana ni shughuli inayostahili muda wake.

Kwamba jambo hili halikuwa la Lamu peke yake kunathibitishwa na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa Mrima, yaani pwani ya bara inayokabili Unguja, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa nchini Ujerumani mwaka 1903 na Carl Velten, na ambaye alieleza mambo ya harusi za pwani kwa makini ya mtu aliyekulia humo. Kaskazini, hata hivyo, maisha ya chumba cha ndani yalipata pia fasihi yake. Mwaka 1858, katika kisiwa cha Pate, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa mawaidha ambamo, pamoja na mambo ya dini na adabu, mke anafundishwa jinsi ya kumkalia mumewe: namna ya kumwamsha, kumpepea, kumkanda na kumtunza. Wasomaji wa zama hizi wamegawanyika juu ya utendi huo, wengine wakiuona kuwa hati ya utiifu uliopita kiasi na wengine wakisoma ndani yake busara ya mwanamke aliyejua mahali nguvu yake ilipokuwa. Vyovyote iwavyo, utendi huo ni ushahidi mkubwa kwamba katika jamii hii upole baina ya mume na mke ulihesabiwa kuwa maarifa yenye kufundishwa, na kwamba mwalimu wake alikuwa mwanamke.

Historia ya haki haiwezi kuishia kwenye udi na asmini. Wiki hiyo isiyo na kazi kwa watu wawili ilikuwa wiki ya kazi nyingi kwa watu wengine, na katika nyumba za waungwana wa karne ya 19 wengi wa hao wengine walikuwa watumwa. Watumwa wa nyumbani ndio waliochota maji, wakatwanga, wakashuka ngazi na masinia ya chakula kutoka jikoni kulikokuwa darini, na masomo wenyewe mara nyingi walikuwa wanawake wa asili ya utumwa, waliomlea bibi arusi tangu utotoni na kujua siri zote za nyumba ambayo hawakuwa na haki ndani yake. Mashamba ya bara yaliyotoa mtama, ufuta na nazi za karamu yalilimwa pia na watumwa. Mkataba wa mwaka 1873, ambao Sultani Barghash wa Zanzibar aliutia sahihi kwa shinikizo la Waingereza, ulipiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1907 katika himaya ya Kiingereza ambayo leo ni Kenya. Tangu hapo fungate ikategemea zaidi jamaa, majirani na masomo waliolipwa au kuzawadiwa, na ingawa sherehe zilibaki na majina yaleyale, zilipungua ukubwa, kwa sababu mikono iliyozibeba ilikuwa imepata uhuru wa kuchagua.

Mfano wa Unguja unafaa kutajwa hapa kwa upesi, kwa kuwa unaonyesha namna nyingine ya mapumziko ya wawili ambayo ilikuwa ya kifalme. Huko Kidichi, mahali pa mwinuko katikati ya mashamba ya mikarafuu, Sultani Seyyid Said alijenga mwaka 1850 hamamu kwa ajili ya mkewe aliyetoka Uajemi, ili wapate kuoga na kupumzika wanapotoka kuwinda au kukagua mashamba, na lipu ya ndani ikachongwa maua na ndege kwa mtindo wa nchi ya malkia huyo. Hamamu hiyo ingali imesimama. Tofauti yake na ndani ya Lamu ni kwamba Kidichi ulikuwa upendeleo wa mtu mmoja mwenye dola, hali fungate ilikuwa desturi ya mji mzima, na hata fukara aliyeishi katika nyumba ya udongo na makuti alipewa siku zake saba, ijapokuwa masinia yalikuwa machache.

Chanzo cha pili cha utulivu wa Lamu ni cha huzuni zaidi. Karibu na mwaka 1812 watu wa Lamu walilishinda jeshi la Pate na la ukoo wa Mazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, kisha kwa kuhofia kisasi wakaomba ulinzi wa Oman. Liwali akaletwa, na ngome kubwa iliyoko mbele ya soko ikakamilika mwaka 1821. Miongo iliyofuata ilikuwa ya neema, na kijiji cha Shela chenyewe kikapata msikiti wake wa Ijumaa wenye mnara mwaka 1829. Neema hiyo ilikatika mwishoni mwa karne. Utawala wa kampuni ya Kiingereza ulifika katika pwani mwaka 1888, mwaka uleule Wajerumani walipofungua ofisi ya posta mjini Lamu kwa kutegemea himaya yao ya Witu, upande wa bara, na ofisi hiyo ikafungwa mwaka 1891 baada ya mataifa hayo mawili kugawana pwani. Pigo kubwa lilitoka mbali zaidi: reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 iliivuta biashara yote ya bara kwenda kusini, wakati meli za mvuke zilikuwa zimekwisha anza kuzifanya pepo mbili za msimu zisiwe na maana. Mashamba ya bara yalikosa watu wa kuyalima, wafanyabiashara wakahamia Mombasa, na ngome ikageuzwa jela, kazi iliyoifanya tangu 1910 hadi 1984.

Mji uliobaki ulikuwa na nyumba nyingi kuliko fedha. Miji mingine ya pwani ilipanua njia zake ili magari yapite, ikabomoa kuta za matumbawe na kujenga za saruji, lakini Lamu haikuwa na reli, haikuwa na daraja wala barabara ya kuifikia, na haikuwa na sababu ya kupanua njia ambazo punda alizimudu. Kilichoitwa baadaye uhifadhi kilianza kama ukosefu. Inafaa kulisema jambo hili wazi, kwa sababu mgeni anayesifu ukimya wa Usita wa Mui, ile njia kuu inayoupita mji kaskazini hadi kusini, anasifu bila kujua matokeo ya miaka sitini au sabini ambayo vijana wa mji huo walilazimika kwenda kutafuta riziki kwingine.

Wageni wa mapumziko walikuja kidogo kidogo. Katika enzi ya ukoloni mlowezi wa Kiingereza Percy Petley aliendesha nyumba ya wageni pwani ya mji, ambayo jina lake limedumu, na wateja wake walikuwa hasa maofisa na walowezi. Mwaka 1967 hoteli ya Peponi ilifunguliwa Shela, mahali ambapo ufuko wa mchanga wenye urefu wa kilomita kama 12 unaanzia, na muda si mrefu baadaye vijana wa Ulaya na Marekani wenye nywele ndefu na mifuko ya mgongoni wakaufanya mji wa Lamu kituo katika safari zao, wakilala kwenye paa za nyumba za kupanga kwa fedha kidogo sana. Wazee wa mji hawakupendezwa na mavazi yao, wala na mambo waliyoyavuta, lakini ni katika miaka hiyo nyumba za mawe zilipoanza kutazamwa upya kuwa na thamani. Mji wa kale ulitangazwa rasmi kuwa mahali pa kuhifadhiwa mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Thamani hiyo mpya ilikuja na wanunuzi. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya binti wa karne ya 18 ilikuwa imerithiwa na wajukuu na vitukuu wengi, kila mmoja akiwa na sehemu yake kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na uwezo wa kubadilisha boriti zilizoliwa na mchwa; alipofika mgeni na fedha za kuinunua yote kwa mkupuo, warithi waligawana na kuhamia nyumba za matofali ya saruji pembezoni mwa mji. Hivyo ndivyo nyumba nyingi, Shela kwanza na Mkomani baadaye, zilivyogeuka kuwa makazi ya msimu na hoteli ndogo za wanandoa. Mafundi wa Lamu walipata kazi katika ukarabati huo, na ufundi wa kukata nakshi katika lipu, uliokuwa umekaribia kusahauliwa, ulifufuka. Ni faida ambayo hakuna mwenye kuupenda mji huo atakayeibeza.

Hata hivyo, maana ya nyumba iligeuzwa. Wanandoa wageni hawakutaka ndani. Walikiona chumba hicho chenye zidaka kuwa kizuri cha kutazamwa na chenye joto la kulala, wakapanda juu kutafuta upepo na mandhari ya bahari. Darini, mahali ambapo zamani palikuwa na jiko chini ya paa la makuti, pakawekwa vitanda vya kuning'inia, mito na taa za mafuta, na wawili wakapumzika palepale ambapo wapishi wa fungate walitokwa na jasho. Badiliko hilo lilizua pia mgogoro wa kweli, kwa sababu mji wa Lamu ulikuwa na adabu ya urefu: jirani hajengi dari inayotazama kiwanda cha mwenzake, ambako wanawake hukaa bila buibui. Kila ghorofa iliyoongezwa ili mgeni aone machweo iliweza kuwanyang'anya majirani sitara yao, na malalamiko juu ya kimo cha majengo yamekuwa miongoni mwa mambo yaliyowasumbua wasimamizi wa uhifadhi hadi leo. Utulivu wa wawili, ambao kwa desturi ulipatikana kwa kujificha machoni pa watu, sasa ulipatikana kwa kuinuka juu ya macho yao.

Maji nayo yana habari yake. Matuta ya mchanga yaliyo nyuma ya ufuko wa Shela, ambayo msafiri huyaona kuwa pambo la mandhari, ndiyo chujio la mvua inayozama na kuwa maji baridi ya visima vinavyounywesha mji wa Lamu. Mahitaji ya hoteli na ujenzi uliokuwa ukisogelea matuta hayo vilizua hofu kwamba bahari ingeingia visimani, na ndiyo sababu matuta yamewekwa chini ya ulinzi wa kisheria, ingawa migogoro ya viwanja pembezoni mwake haijakwisha.

Fungate ya wenyeji haikufa katika muda huo wote. Imefupishwa, kwa kuwa bwana arusi aliyeajiriwa hana siku saba za kutoa, na nyumba ya binti si lazima iwe ya mawe wala iwe Lamu. Wapo wanaoondoka baada ya sherehe kwenda Mombasa, Malindi au Unguja na kukaa hotelini kama wanandoa wengine wowote. Lakini masinia ya chakula bado hutoka kwa mama wa bibi arusi, somo bado huitwa, na kina mama wa mtaa bado hukusanyika kumtazama bibi arusi aliyepambwa. Kinachosikitisha ni kwamba mafundi wa kuta wameandikiwa vitabu vyenye vipimo na michoro, hali masomo, ambao maarifa yao ndiyo yaliyokipa chumba cha ndani kazi yake, wameandikwa kwa uchache mno, na wengi wa waliojua mambo ya zamani wamekwisha tangulia mbele ya haki.

Biashara ya mapumziko ilivunjwa kwa ghafla mwaka 2011. Mwezi Septemba wa mwaka huo watu wenye silaha kutoka upande wa Somalia walivamia hoteli ya ufukweni karibu na Kiwayu ambamo wageni pekee walikuwa mume na mke kutoka Uingereza, wakamwua mume na kumteka mke; wiki chache baadaye mwanamke wa Kifaransa aliyekuwa ameifanya Manda kuwa maskani yake akatekwa nyumbani kwake, na akafia mikononi mwa watekaji. Oktoba hiyohiyo majeshi ya Kenya yaliingia Somalia. Mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, upande wa bara wa kaunti ya Lamu, yaliua makumi ya watu, na amri ya kutotoka nje usiku iliyofuata ikawazuia wavuvi kwenda baharini wakati ambao samaki hupatikana. Hoteli zilifunga milango, na wapishi, manahodha na waendesha punda wakarudi majumbani, jambo lililodhihirisha ni watu wangapi waliokuwa wakiishi kwa siku chache za raha za watu wawili wawili.

Wakati huohuo serikali ilikuwa imeamua kuirudishia Lamu bandari. Mradi mkubwa wa bandari na barabara za kuelekea Ethiopia na Sudan Kusini ulizinduliwa Machi 2012 huko Kililana, katika ghuba ya Manda, na gati la kwanza likapokea meli Mei 2021. Uchimbaji wa mkondo uliharibu matumbawe na mazalia ya samaki, mikoko ikakatwa, na wavuvi wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya, ikakubali pia kwamba haki ya watu wa Lamu kwa utamaduni wao haikupewa uzito uliostahili wakati mradi ulipopangwa. Wengi katika wavuvi hao ndio haohao wanaowachukua wanandoa kwa jahazi jioni wakati wa kaskazi na kurudi kwenye nyavu zao mvua za masika zinapofunga hoteli, wakivuka mkondo kati ya Lamu na Manda, huku meli za makontena sasa zikipita upande wa kaskazini wa Manda.